Kivuli Katika Kioo

Kioo ni ukuta usioweza kutunza siri. Huzuia upepo, mvua na vumbi, lakini macho na mwanga hupita ndani yake kama kwamba hapana kitu. Kwa sababu hii binadamu alikipenda tangu zamani, akakitia katika madirisha ya nyumba zake, na alipobuni gari akakitia katika milango yake pia. Walakini kila neema ina kodi yake, na kodi ya kioo ni jua. Mwanga hupita ukapiga viti na sakafu. Viti na sakafu vikapata moto. Moto ule ukaipasha hewa. Na hewa iliyopashwa haina pa kutokea maadamu madirisha yamefungwa. Gari lililoachwa juani saa sita mchana hugeuka tanuri, na mwenye gari akirudi hushika usukani kwa ncha za vidole mithili ya mtu aokotaye kaa la moto.

Sisi wa Tanga twaijua kodi hii kuliko wengi. Mji wetu uko karibu nyuzi 5 kusini ya mstari wa Ikweta, na jua hutusimamia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba. Katika miezi ya kaskazi hewa hujaa unyevu wa bahari, na jasho likitoka halikauki. Basi si ajabu kwamba hapa Makorora, mtaa ninaokaa, kazi moja ambayo wazee wetu hawakuijua imepata wateja wengi. Ni kazi ya kubandika utando wa kivuli katika vioo vya magari. Wenyewe mafundi huuita tinti, na neno hilo limekwisha kuingia katika vinywa vya watu kama yalivyoingia gari, breki na betri.

Mpwa wangu ni mmoja wa mafundi hao. Hana karakana ya matofali. Ana uwanja mdogo wa kukodi, mkungu mmoja mkubwa, turubai tatu na sanduku la vyombo. Mimi nimestaafu kazi ya ualimu, na mtu aliyestaafu ana mali moja ambayo vijana hawana, nayo ni wakati. Alasiri nyingi nimekaa juu ya kiti chini ya mkungu ule nikitazama mikono yake. Nimejifunza hapo mambo ambayo sikuyapata katika vitabu, na nadhani yafaa kuandikwa, kwa kuwa kazi ya mikono mara nyingi hufa pamoja na mikono iliyoifanya.

Kwanza nilitaka kujua sababu ya watu kuja. Magari yetu mengi hutoka Japani, nayo hufika yamekwisha kutumika. Katika nchi ile sheria inataka vioo vya mbele vya pembeni vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Lakini vioo vya nyuma huruhusiwa kuwa na giza, na mara nyingi hutiwa rangi kiwandani, ndani ya kioo chenyewe. Kwa hivyo gari huteremka bandarini likiwa na nyuma nyeusi na mbele nyeupe. Mwenye gari hulitazama akaona kama kanzu iliyoshonwa kwa vitambaa viwili. Huja kwa fundi akasema, “Nisawazishie.” Wengine huja kwa sababu ya joto. Wengine huja kwa sababu wamemwona jirani. Na wachache huja kwa sababu hawataki kuonekana.

Utando wenyewe ni plastiki nyembamba ya aina iitwayo poliesta. Upande mmoja una gundi iliyofunikwa na karatasi ya kinga. Upande wa pili umepakwa ngozi ngumu ili usikwaruzike upesi. Na katikati mna rangi, au chembe za madini, au chembe za udongo wa kauri kwa ule wa bei kubwa. Utando wa rangi tupu ni rahisi, lakini jua humla rangi yake, na baada ya muda hugeuka zambarau na kuvimba malengelenge. Kila utando huitwa kwa hesabu ya mwanga unaoupitisha. Ukisikia 50, maana yake nusu ya mwanga hupita. Ukisikia 5, maana yake sehemu tano tu katika mia ndizo zipitazo. Hapa pana hesabu ambayo wateja wengi huisahau. Kioo chenyewe nacho hupunguza mwanga. Kioo kipitishacho 80 kikibandikwa utando wa 50 hakibaki 50, bali hushuka kikawa 40, kwa kuwa nusu ya themanini ni arobaini. Mpwa wangu hakusoma sana, lakini hesabu hii huifanya kichwani kabla hajataja bei.

Sasa niseme juu ya vyombo. Ana chupa ya kupulizia iliyojaa maji yenye matone machache ya sabuni laini. Ana wembe wa kukwangulia na kisu chembamba cha kukatia, ambacho ncha yake huvunjwa mara kwa mara ili makali yawe mapya. Ana raba ya kukamulia maji, pana na ngumu, na nyingine nyembamba ya pembeni. Ana kadi ya plastiki iliyonolewa ukingo mmoja. Ana mashine ya kupuliza hewa ya moto. Ana bisibisi mbili, na kijiti kipana cha plastiki cha kubandulia ubao wa mlango. Mwisho ana taulo nyingi safi, naye huzitunza kama daktari atunzavyo pamba, kwa kuwa uzi mmoja ukinaswa chini ya utando hauonekani sasa, lakini gari likitoka juani huonekana kama unywele katika maziwa.

Adui wa kazi hii ni vumbi, na Makorora haina upungufu wa vumbi. Kabla ya kuanza, hushusha turubai pande zote, akamwagia ardhi maji ili vumbi litulie, akasubiri. Mteja mwenye haraka hudhani fundi anapoteza wakati. Kumbe kusubiri kule ni nusu ya kazi.

Kisha huosha kioo nje, akatandaza utando juu ya upande wa nje uliolowanishwa, akaukata kwa kufuata umbo la kioo. Ukingo wa juu huukata sawasawa, akaacha nafasi isiyozidi unene wa kadi kati ya utando na mwisho wa kioo. Lakini chini huacha ziada ya vidole viwili. Kioo kilichopinda hakikubali utando mnyofu. Hufanya mikunjo kama kilemba kilichofungwa vibaya. Hapo mashine ya hewa ya moto hutumika. Moto hupitishwa taratibu, na utando hujikunja na kujinyosha hata ukaufuata mgongo wa kioo. Moto ukizidi, utando huungua, ukipungua, haukubali. Kipimo hakimo katika mashine, kimo katika kiganja.

Ndipo hufika mahali ambapo fundi wa kweli na fundi wa jina huachana. Mahali hapo ni chini ya kioo, pale kinapozama ndani ya mlango. Mlango wa gari una ngozi mbili. Ya nje ni bati. Ya ndani ni ubao wa plastiki uliovikwa kitambaa au ngozi, nao ni kama bitana ya joho. Kati ya ubao na kioo pana mpira mrefu unaokifuta kioo kila kinapopanda na kushuka. Utando lazima ushuke chini ya mpira huo. Ukikatwa juu ya mpira, utaacha mstari mweupe wa mwanga, na ukingo wake utakwaruzwa kila siku mpaka ubanduke. Lakini mpira huo ndio kiota cha mchanga wote ulioingia garini tangu lilipoundwa.

Kwa kufika huko pana njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuacha ubao mahali pake. Fundi hufunika ubao kwa taulo nene, ili maji yasiingie katika swichi za vioo. Husafisha mfereji wa mpira kwa brashi na maji, mara mbili au tatu. Kisha huusukuma mpira nyuma kwa kadi, akauteremsha utando nyuma yake kidogo kidogo. Njia hii ni ya haraka, na penye mlango wenye nafasi haina lawama. Penye mlango uliobana, utando hukunjika au huchota uchafu, na kazi yote hurudi mwanzo.

Njia ya pili ni kuuondoa ubao. Hii yataka elimu na subira. Skrubu zake hujificha. Moja iko nyuma ya kitasa, nyingine chini ya kifuniko kidogo ndani ya mshikio wa kuvutia mlango, nyingine ukingoni. Zikiisha kutoka, ubao hubaki umeshikwa na klipu za plastiki pande zake. Klipu hazibanduliwi kwa bisibisi, kwa kuwa chuma hutia jeraha katika rangi. Hubanduliwa kwa kile kijiti cha plastiki, kikiingizwa karibu na klipu yenyewe, moja baada ya moja. Kisha ubao hauvutwi kwa mkupuo. Huinuliwa juu, maana umeangikwa katika ukingo wa dirisha. Na ukiisha kuachia, nyaya za swichi na waya wa kitasa bado huushika kwa ndani. Mwenye pupa hukata nyaya hizo. Nyuma yake pana karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa lami laini. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango yasiingie kwa abiria. Ikichanika lazima izibwe. Na magari mengine yana mfuko wa hewa wa kuokoa maisha ndani ya mlango. Hayo hayaguswi kabla betri haijafunguliwa na dakika kadhaa hazijapita.

Ubao ukiisha kutoka, kioo husimama wazi mpaka chini. Huosha upande wa ndani, akaukwangua kwa wembe, akaukamua kutoka juu kwenda chini. Hubandua karatasi ya kinga huku akipulizia maji ya sabuni upande wa gundi, akautelezesha utando mpaka ukakaa mahali pake. Maji yale huupa nafasi ya kusogea; raba huunyang'anya nafasi hiyo. Hukamua kuanzia katikati kwenda pembeni, kila mpapaso ukipita juu ya nusu ya mwenzake. Kisha ubao hurudishwa kwa kupanga kinyume: nyaya, ukingo wa juu, klipu, skrubu. Klipu iliyovunjika hubadilishwa. Mwisho humwonya mteja asishushe kioo kwa siku tatu au nne, kwa kuwa gundi bado haijakauka, na katika hewa ya pwani maji hayana haraka ya kuondoka.

Siku moja nilimwuliza, “Mpwa wangu, klipu moja kati ya tisa ikikosekana, nani atajua?”

Akajibu, “Hakuna, mjomba. Ila mlango utajua. Ukipita barabara mbovu utalia.”

Jibu hilo nimelitafakari sana. Kazi nyingi za dunia zina ubao wake wa mlango. Mwashi ana msingi uliofukiwa, mshoni ana bitana, mwalimu ana somo aliloliandaa usiku au hakuliandaa. Watu huhukumu kioo king'aacho. Hawaoni kilicho nyuma ya ubao. Uaminifu ni kuitenda sehemu isiyoonekana kama kwamba itaonekana.

Lakini kisa kilichonifanya nishike kalamu si cha klipu. Alikuja mtu wa makamo na gari kubwa, akataka utando wa 5 katika vioo vyote, pamoja na vya mbele vya pembeni na kioo kikuu kimtazamacho dereva. Akatoa fedha mbele ya bei, tena mara mbili yake. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Kodi ya uwanja ilikuwa inadaiwa, na nilijua kwamba mtoto wa mpwa wangu alikuwa anangoja sare ya shule. Kijana alizitazama noti, kisha akasema kwa adabu, “Mzee, nyuma nitakuwekea hata leo. Kioo cha mbele sikigusi, na vya pembeni vya mbele nitakuwekea wa kuzuia joto usiokuwa na giza.” Mtu yule akacheka. Akasema yeye hakuja kununua ushauri. Akawasha gari akaenda, na baada ya siku mbili nililiona likipita, jeusi pande zote. Fundi mwingine alikuwa ameipata ile fedha.

Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini alikataa. Hakunijibu kwa maneno. Alingoja mpaka magharibi, jua likiisha kuzama na taa za barabarani bado hazijawaka, akanikalisha ndani ya gari lililokuwa uwanjani, akashika kipande cha utando ule wa 5 mbele ya macho yangu. “Hesabu, mjomba, unaona nini barabarani?” Nilihesabu baiskeli mbili na mtu mmoja. Akauondoa utando. Baiskeli zilikuwa nne, mbili kati yake hazina taa, na ukingoni alisimama mtoto mwenye ndoo kichwani akingoja kuvuka.

Tanga ni mji wa baiskeli. Mzee huenda nayo msikitini, mama huenda nayo sokoni, na mwanafunzi huenda nayo shule. Mpanda baiskeli hana bati la kumkinga; kinga yake ni kuonekana. Tena hutazama uso wa dereva ili ajue kama naye ameonekana. Kioo kikiwa cheusi, huona uso wake mwenyewe. Uingereza inataka kioo kikuu cha magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985 kipitishe mwanga usiopungua asilimia 75, na vioo vya mbele vya pembeni asilimia 70. Hesabu hizo si kiburi cha watunga sheria. Ni thamani ya yule mtoto mwenye ndoo, iliyoandikwa kwa tarakimu.

Hata hivyo sitaki nieleweke kuwa nalaani kivuli. Watu wa pwani ni watu wa stara. Tuna pazia mlangoni, tuna baibui, tuna baraza ya nje kwa mgeni na ua wa ndani kwa wenye nyumba. Stara si uovu. Tena jua lina madhara yasiyoonekana. Kioo cha kawaida cha mlango huzuia sehemu kubwa ya miali ichomayo ngozi upesi, lakini huachia ile izamayo taratibu. Mwaka 2012 jarida moja la utabibu la Marekani lilichapa picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa uso uliokuwa dirishani ulikuwa umekunjamana kama wa babu, na upande wa pili kama wa mdogo wake. Utando mzuri huzuia karibu miali yote ya namna hiyo, hata ukiwa mweupe kama maji, kwa kuwa kinga ile haitoki katika giza.

Jambo hili nililiona kwa macho. Mama mmoja alikuja na gari dogo kuukuu na mwanawe mwenye ualbino, mtoto wa miaka sita hivi, aliyefunikwa kanga upande wa dirisha. Alitaka giza, kwa kuwa alidhani giza ndiyo dawa. Mpwa wangu akamweleza taratibu, akamwonyesha utando mwangavu wenye kinga. Ulikuwa ghali kuliko ule mweusi. Wakapatana alipe kwa mafungu, na siku ile alilipa fungu la kwanza tu. Ubao wa mlango ulitolewa kwa uangalifu uleule, na klipu zote zikarudi. Mtoto alipoingia aliitupa kanga akatazama nje.

Sare ya shule ilichelewa wiki mbili. Sikuona dalili ya majuto katika uso wa mpwa wangu, wala dalili ya kujisifu. Niliona uchovu tu. Wema haulipi siku zote, na mwandishi asemaye kwamba hulipa huwadanganya vijana. Yule mwenye gari jeusi bado apita mitaani, naye aliyembandikia ana fedha yake. Walakini katika mizani ya jamii kuna tofauti kubwa kati ya kivuli kimkingacho mtu na kivuli kimfichacho mtu asijibu kwa atendayo. Cha kwanza ni stara, cha pili ni kisetiri cha hatari.

Msomaji, ukienda kubandika tinti, usiulize kwanza bei wala weusi. Mwulize fundi atafanya nini chini ya mpira wa kioo, na ubao wa mlango atautoa kwa chombo gani. Tazama kama humwagia ardhi maji kabla ya kuanza. Mwambie akushikie kipande cha utando mbele ya macho yako wakati wa magharibi, nawe uhesabu wapitao. Ukimpata fundi ambaye kuna kazi asiyokubali kuifanya kwa fedha yoyote, mpe gari lako na umlipe haki yake siku ileile, kwa kuwa na yeye ana kodi ya kulipa na mtoto wa kuvisha.